Mwongozo Kamili wa Kumiliki Kiwiko Kibovu, Kutoka Sirari Hadi Mugumu

Hongera. Ikiwa ukinyanyua birika la chai maumivu yanakuchoma upande wa nje wa kiwiko, yakashuka taratibu hadi nyuma ya kiganja, na siku hizi unaona heri chai imiminwe na mtu mwingine, umeshapokelewa chamani. Daktari Henry Morris wa London aliandika mwaka 1882, katika jarida la Lancet, juu ya mkono wa wacheza tenisi ya nyasini, na mpaka leo ugonjwa huu unaitwa kiwiko cha tenisi. Jina lisikutishe. Upande wa Grumeti, kwenye loji za wageni wenye fedha nzito, uwanja wa tenisi upo. Mgeni hucheza nusu saa, akaoga, akaenda kutazama nyumbu. Kiwiko anabaki nacho anayefua na kukamua mataulo.

Mwongozo huu ni wa wote wanaotaka kumiliki kiwiko kibovu kwa muda mrefu na kwa heshima. Wanaotaka kupona nao watapata chao humu humu, ila nawaonya mapema: njia yao inachosha, haina sindano, na inahitaji mume asonge ugali.

Kukipata

Hapa huhitaji msaada. Upande wa nje wa kiwiko kuna kinundu cha mfupa, na kwenye kinundu hicho imejishikiza kano ya msuli unaoinua kiganja. Kano hiyo ina mkosi mmoja: hufanya kazi kila unaposhika kitu, hata usipokiinua. Ukikaza vidole kwenye mpini, vidole vinataka kukunja kifundo cha mkono kwa ndani. Kano inavuta upande wa pili ili kifundo kisimame imara. Shika mara mia, nayo imevuta mara mia.

Sasa itazame siku ya kawaida ya mama wa Nyamwaga. Alfajiri anakamua ng'ombe. Anachota maji, na ndoo ina mshikio mwembamba wa waya. Anafua, na kama umewahi kukamua blanketi lililolowa huna haja ya maelezo. Kisha jembe. Jioni ugali wa muhogo na wimbi, ule ambao ukichomeka mwiko katikati ya sufuria unasimama wenyewe, kwa sababu wanaume wa kwetu ugali unaomeguka kirahisi wanauita uji. Ukitokea msiba, sufuria ni ile ya kusongewa kwa miguu iliyopanuliwa, na mwiko mrefu kama kasia. Mama huyu hajawahi kuona raketi. Lakini Morris angempima leo, angemwandikia makala yake peke yake.

Nyamongo wana njia yao. Kando ya mgodi wa North Mara, mchimbaji mdogo anashinda na nyundo na moko mbele ya jiwe lisilojali, na kila pigo linarudi mkononi mwake kabla ya kufika kwenye dhahabu. Wanawake wanaoponda mawe kabla hayajaenda karasha, na wale wa kokoto, wanaishika nyundo kwa nguvu kuliko inavyohitaji, maana mpini umelainika kwa jasho na ukiponyoka utamkuta mtoto wa jirani. Kushika kwa nguvu ndiko hasa kiwiko kinakokupenda. Dereva wa bodaboda wa njia ya Tarime, Nyamongo hadi Mugumu anakipata kistaarabu zaidi: kifundo cha mkono wa kulia kinakaa kimeinuka kwenye mafuta kutwa nzima, na mashimo yanamsaidia kuutikisa.

Umri unaopendelewa ni kati ya miaka 35 na 54. Kwa kila watu wazima mia, mmoja hadi watatu wanacho. Wavuta sigara wanapewa kipaumbele.

Kuhakikisha ni chenyewe

Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini. Kunja ngumi, kisha mwombe mtu aikandamize ngumi kwenda chini huku wewe ukiing'ang'aniza ibaki juu. Ukiruka, na maumivu yakawa pale pale kwenye kinundu cha nje, usitafute zaidi. Njia nyingine ni kunyanyua kiti kwa mkono mmoja, kiganja kikiwa chini. Usiifanye kwenye mkutano wa kijiji. Watu watadhani unaanzisha ugomvi.

Ila kama kuna ganzi vidoleni, shingo nayo inauma, kiwiko kimevimba kikawa cha moto na una homa, hakinyooki hata ukilazimisha, au kilianza siku ulipoanguka na pikipiki, funga mwongozo huu uende hospitali pale Tarime, au ile ya Nyerere pale Mugumu. Hapo sina mzaha.

Kukifanya kidumu

Kwanza, usiseme. Mwanamume aliyesimama jandoni bila kupepesa jicho ataanzaje kutangaza kwamba birika limemshinda? Mama naye akisema, ataulizwa kazi ifanywe na nani, na kwa kuwa jibu analijua, anaokoa muda kwa kunyamaza. Kimya cha miezi minne kinatosha kuifanya kano ichakae vizuri.

Pili, paka kila kitu. Samli, mafuta ya kondoo, dawa ya kuchua yenye picha ya mtu ameshika mgongo, tangawizi iliyopondwa. Ngozi itafurahi, na kano, iliyo chini kabisa, haitajua kama kuna sherehe. Tafuta mtu mwenye vidole vigumu akukande juu ya kinundu chenyewe mpaka machozi yatoke. Akiacha utasikia nafuu kubwa, kwani kitu chochote kinachokoma kuuma ni nafuu. Akitokea wa kukuchanja chale, wembe uwe mpya na uwe wako. Huu ndio ushauri pekee wa kitaalamu nilionao juu ya chale.

Tatu, duka la dawa muhimu. Ingia, taja kiwiko, toka na diklofenaki, meza asubuhi na jioni mwezi mzima bila chakula mpaka tumbo nalo lipate la kusimulia. Vidonda vya tumbo vina faida moja: vitakusahaulisha kiwiko. Asiyependa faida hiyo amwombe muuzaji ile ya jeli, ya kupaka, ambayo inaweza kutuliza kwa majuma machache bila kupitia tumboni. Inatuliza tu. Kano haiiponyi, na hata barafu ya mfuko kutoka kwenye friji ya soda haiiponyi, ingawa jioni ya joto sioni kwa nini ujinyime.

Nne ni ngazi ya juu kabisa: sindano ya steroidi kwenye kiwiko. Naiheshimu sindano hii. Inatimiza inachoahidi, tatizo ni kwamba watu hawaulizi inaahidi mpaka lini. Mwaka 2002 Waholanzi walichapisha matokeo ya wagonjwa 185 waliogawanywa makundi matatu: wa sindano, wa fiziotherapia, na walioambiwa waende nyumbani wasubiri. Baada ya wiki 6, kundi la sindano lilikuwa likicheka: 92 kwa kila mia walikuwa wamefanikiwa, wakati wa fiziotherapia walikuwa 47 na wasubiriji 32. Ungekuwa mganga ungefungia utafiti hapo na kuagiza bango. Wenzetu wakaendelea kuhesabu mpaka wiki ya 52. Sindano 69, fiziotherapia 91, na wale waliokaa tu nyumbani, 83. Aliyesubiri alimpita aliyechomwa. Waaustralia nao walijaribu kwa watu 198, wakachapisha mwaka 2006, na ikawa hivyo hivyo: kati ya waliofanikiwa kwa sindano, 72 kwa mia kiwiko kiliwarudia.

Kwa hiyo kama una harusi ya mwanao mwezi ujao na sufuria kubwa lazima isongwe na wewe, sindano ni yako. Choma, songa, cheza ngoma. Deni litaletwa nyumbani baadaye, na mara nyingi mwenye kiwiko hulipa kwa kutafuta sindano ya pili.

Kwa nini iwe hivyo? Steroidi ni dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, na mwaka 1979 Robert Nirschl na mwenzake Pettrone, wapasuaji wa Marekani, walieleza walichokikuta kwenye kano walizokata kutoka kwenye viwiko vya aina hii: nyuzi zilizovurugika na vimishipa vya damu vilivyoota ovyo. Ile hali ya uvimbe ambayo kila mtu alikuwa akiitibu haikuwa na sehemu kubwa. Kano ilikuwa imechakaa na ilijaribu kujikarabati bila kumaliza. Steroidi inainyamazisha, nayo mama akisikia kimya anarudi kwenye mwiko kwa nguvu zote. Hapo ndipo mwaka unapoharibika.

Kwa wanaong'ang'ania kupona

Wenye haraka wameshaondoka na sindano zao, tubaki sisi.

Sharti la kwanza ni kuipunguzia kano mzigo bila kuulaza mkono kabisa. Kuufunga kwa kitenge shingoni wiki sita kunaleta huruma nyingi kanisani, lakini misuli inasinyaa na kano inazidi kuwa dhaifu. Unachotaka ni mkono uendelee na kazi, ila kazi iwe na adabu. Nyanyua vitu kiganja kikitazama juu, kiwiko kimekunjwa, mzigo karibu na mwili. Sufuria ishikwe kwa mikono miwili. Mpini mwembamba unanenepeshwa kwa kuzungushiwa kipande cha tyubu ya baiskeli, uwe wa jembe, wa nyundo au ule waya wa ndoo, na utashangaa nguvu ya kushika inavyopungua. Blanketi usilikamue, litundike likichuruzika, jua la Mara lina nafasi. Wa bodaboda ashushe kifundo cha mkono, alegeze vidole, na kijiweni asikae akikandamiza simu kwa mkono ule ule.

Mbinu hizo ni nzuri, na zote zinaanguka mbele ya swali moja: ugali asonge nani?

Maana kano hii inataka majuma kumi na mawili ya kazi iliyopunguzwa, na hakuna dawa duniani inayopunguza kazi ya mtu mmoja bila kumwongezea mwingine. Kijarida cha hospitali huandika “punguza shughuli zinazoleta maumivu” kisha kikageuza ukurasa. Kingeandika ukweli kingesema: ita kikao cha familia. Kwa hiyo naweka hapa mwongozo mdogo ndani ya mwongozo, kwa baba mwenye nyumba.

Mura, mwiko unashikwa upande usio mpana. Maji yachemke kwanza, ndipo unga uingie, kidogo kidogo. Mkao wa kusonga hautofautiani sana na mkao wa kushika plau, na plau umeishika tangu utotoni, kwa hiyo usiseme hukufundishwa. Mlango wa jiko hauna mlinzi. Ukisikia harufu ya kuungua, usimwite mtu, ni wewe. Majirani watakuona, na kabla ya jua kuzama itajulikana hadi senta kwamba umelishwa limbwata. Waache. Aliyelishwa limbwata anakula ugali kila jioni, na mwenye mke wa kiwiko kibovu asiyesaidia atakula mihogo ya kuchemsha mpaka msimu ujao. Wale vijana wawili wanaoshinda mbele ya nyumba wakitazama simu nao wana mikono minne ambayo haijawahi kupimwa. Mmoja akamue ng'ombe.

Ikiwa baba ndiye mwenye kiwiko, kikao hiki huwa kifupi. Kazi zake zinagawanywa jioni hiyo hiyo na watu wanaompa pole. Nimeliona hilo mara nyingi na sina la kuongeza.

Kwenye machimbo mambo ni magumu zaidi, na hapo kejeli inanipungukia. Anayelipwa kwa karai la mawe yaliyopondwa hawezi kuambiwa ashushe nyundo bila mtu kumwambia watoto watakula nini. Kinachowezekana ni kupokezana: wanaofanya kazi kikundi wagawane, mmoja aponde huku mwingine akichagua na kubeba, wabadilishane kabla mkono haujaanza kupiga kelele. Nyundo iwe nyepesi kidogo hata kama jiwe litachelewa. Wa duarani, chini shimoni, wanajua kupokezana moko kwa sababu ya hewa. Wapokezane pia kwa sababu ya kano.

Baada ya siasa hizo, mazoezi ni mepesi mno, na huenda ndiyo maana watu hawayaamini. Majuma ya kwanza, weka mkono mezani kuanzia kiwiko, kiganja kikining'inia nje ya ukingo na kutazama chini. Kwa mkono mzima kandamiza nyuma ya kiganja kile, nacho kipinge bila kusogea. Hesabu polepole hadi thelathini au arobaini, pumzika, rudia mara tano. Ndiyo yote. Hakuna jasho, hakuna kitu cha kumwonyesha mtu.

Kano ikizoea, chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze. Mkao ni ule ule. Inua chupa kwa msaada wa mkono mzima, kisha uiachie ishuke kwa mkono unaouma peke yake, taratibu, kwa hesabu ya nne au tano. Ule mshuko wa polepole ndio dawa: kano inabeba mzigo huku ikirefuka, na mzigo wa kiasi, unaorudiwa, ndio unaoziambia nyuzi zake zijipange upya. Mara kumi hadi kumi na tano, mizunguko mitatu kwa siku. Ukiona inakuwa rahisi, nenda chupa ya lita moja, halafu ya lita moja na nusu. Duka la mashine za mazoezi unalo jikoni.

Kisha ile nyundo iliyokuponza inaitwa kutoa ushahidi. Ishike kwenye ncha ya mpini, kichwa kikiwa juu, kiwiko kimekunjwa ubavuni, uigeuze polepole kulia, irudi, kushoto, irudi. Uzito wa kichwa cha nyundo unafanya kazi yote. Wazungu wana mpira maalumu wa kusokota kwa ajili ya kano hii. Kipande cha tyubu nene iliyokunjwa mara kadhaa kinasokoteka vilevile. Kwa mama wa mataulo ya loji hili lina uchungu wake, kwa sababu zoezi lenyewe ni kukamua nguo, ila polepole, mara chache, na bila mtu anayesubiri taulo.

Kuuma kidogo wakati wa zoezi kunaruhusiwa. Ukiweka maumivu kwenye ngazi kumi, yasipande kupita ya nne, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki juu, punguza maji kwenye chupa. Ukimpata mtaalamu wa fiziotherapia, mwache akupime na akurekebishe mkao, maana wengi huinua bega bila kujua na kulifanyisha kazi isiyo yake; asipopatikana karibu, safari ya hospitali ya rufaa ya Musoma ina faida kubwa kuliko sindano tatu. Mkanda wa kubana mkono, vidole viwili au vitatu chini ya kinundu, huwasaidia baadhi ya watu wanapofanya kazi na wengine hauwasaidii chochote. Ujaribu, usiukaze mpaka vidole vibadilike rangi, uvue ukilala.

Kisu? Ni kwa wachache sana, ambao wamefanya haya yote kwa miezi sita hadi kumi na miwili na bado birika linawashinda. Wengi wanaokiulizia wamefanya mazoezi Jumatatu na Jumanne.

Malipo

Limebaki suala la kulipa. Kati ya watu kumi wenye kiwiko hiki, wanane au tisa hupata nafuu kubwa ndani ya mwaka, wafanye walichofanya. Maana yake siku kitakapoacha kuuma, lazima kuna mtu alikuwa amekutibu juzi yake. Mkandaji atasema ni vidole vyake. Mwenye mafuta ya kondoo atakukumbusha kwamba alikuagiza uyapake usiku, na usiku ndio uliopaka. Wa duka la dawa atatikisa kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayejua. Shangazi atataja maombi. Mume atasema ni ugali wake, ule alioung'ang'ania mwezi wa pili mpaka ukashika chini.

Usibishane na yeyote. Kuku kwa mkandaji, asante kwa wengine. Na huyu wa mwisho mwambie kiwiko bado kidogo, hasa jioni, hasa maji yanapoanza kuchemka.